Sare ya Leipzig: Fischer na Tal, 1960

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wachezaji, makocha na wazazi. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukiwa na ubao karibu, panga kete kabla ya kuendelea kusoma.)

Mheshimiwa mwenyekiti, makocha, waamuzi, wazazi mliowaleta watoto, na ninyi wachezaji wenyewe: asanteni kwa kuja.

Leo nazungumzia mchezo mmoja ambao hakuna aliyeshinda. Hatua 21 tu, halafu wakapeana mikono. Mchezo wenyewe ulichezwa Leipzig, Ujerumani Mashariki, kwenye Olimpiadi ya Sataranji ya mwaka 1960, Marekani ikipambana na Umoja wa Kisovyeti. Nyeupe alicheza Bobby Fischer, kijana wa miaka 17. Nyeusi alicheza Mikhail Tal wa Riga, bingwa wa dunia, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 24.

Kwa nini nimechagua sare? Kwa sababu ya jambo ninaloliona katika vilabu na shule nyingi. Mchezaji akishinda, anaitwa aonyeshe mchezo wake. Akishindwa, kocha anakaa naye amwonyeshe alipoteleza. Akitoka sare, je? Anaandikiwa nusu pointi, karatasi inakunjwa, hakuna anayeuliza lolote. Ndugu zangu, hapo tunapoteza shule kubwa. Sare iliyopiganiwa ni mchezo ambao pande zote mbili zilipata jibu. Ni wapi pengine utajifunza majibu, kama si pale ambapo kila swali lilijibiwa?

Tuanze na ufunguzi, maana sare hii ilizaliwa humo.

Kila nyumba ya ubao ina jina: herufi a hadi h kuanzia kushoto kwa nyeupe, na namba 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Fischer alianza kwa askari kwenda e4. Tal akajibu e6. Huo ndio Utetezi wa Kifaransa, uliopata jina lake katika mechi ya barua kati ya London na Paris iliyochezwa miaka ya 1834 hadi 1836. Nyeupe d4, nyeusi d5. Nyeupe farasi c3, na nyeusi askofu b4. Sasa tumeingia tawi la Winawer, jina la Szymon Winawer wa Warsaw. Tazameni huyo askofu wa b4 anafanya nini. Amemfunga farasi wa c3, maana nyuma yake yuko mfalme, kwa hiyo farasi hawezi tena kumlinda askari wa e4. Nyeupe anasukuma askari hadi e5, na nyeusi anapiga msingi wa mnyororo huo wa askari wa d4 na e5 mara moja kwa askari c5.

Hatua ya tano, Fischer anasogeza askari a3 kumuuliza askofu: unakula au unaondoka? Wengi hula farasi wa c3. Tal hakula. Alirudi a5. Hatua ya sita, Fischer b4, anamfukuza tena. Na Tal? Tal hamwondoi askofu. Anakula d4.

Hebu simameni hapa kidogo. Askofu wa nyeusi pale a5 analika. Farasi wa nyeupe pale c3 analika. Anayeanza kula atapata nini? Hatua ya saba, Fischer hali chochote. Malkia anakwenda g4! Upande wa mfalme wa nyeusi hauna mlinzi, kwa sababu askofu aliyepaswa kulinda g7 alishatoka na kwenda kupigana upande mwingine wa ubao. Tal anatoa farasi e7. Kisha karamu inaanza: askari anakula askofu a5, askari anakula farasi c3, malkia anakula g7, ngome inasogea g8, malkia anakula h7. Waswahili tunasema ukimwaga mboga, namwaga ugali. Ndivyo ulivyo ufunguzi huu. Nyeusi amepoteza askari wote wawili waliokuwa wamsitiri mfalme wake, na nyeupe amevurugiwa upande wa malkia, askari mweusi akiwa amekwama c3 katikati ya nyumba yake.

Hesabu baada ya hatua ya kumi: nyeupe ana askari saba, nyeusi sita. Nyeupe ana maaskofu wawili na farasi mmoja, nyeusi farasi wawili na askofu mmoja. Kwa hesabu tupu, nyeupe yuko mbele kwa askari mmoja. Lakini nyeusi ameshafunguliwa mstari wa g kwa ngome yake, na askari wa e5 anasubiri kushambuliwa.

Sasa, kuna kisa ambacho bila hicho hamtaona ukubwa wa hatua ya kumi ya Tal.

Mwaka 1954, Moscow, mechi ya ubingwa wa dunia. Mikhail Botvinnik ndiye bingwa, mpinzani wake ni Vasily Smyslov. Katika mchezo wa tisa, Botvinnik akiwa na nyeusi walifika mahali hapa hapa: askofu a5, askari b4, malkia g4, malkia h7, kila kitu kilekile. Botvinnik akacheza farasi wa b8 kwenda d7, halafu f8. Ukiangalia, inaonekana ni hatua ya busara: farasi anamfukuza malkia wa h7. Lakini hatua mbili zilipotea, askari wa e5 hakuguswa, na mfalme mweusi alibaki e8 hadi mwisho. Katikati pakafunguka. Hatua ya 19 Smyslov alimtoa malkia wake kwa mpango, na hatua ya 25 Botvinnik akakubali kushindwa. Mechi yenyewe iliisha 12 kwa 12, na kwa sare hiyo ya jumla Botvinnik akabaki na taji.

Tal alifanya nini tofauti? Farasi yule yule wa b8 akamtoa c6. Basi! Nyumba moja pembeni, mchezo mwingine kabisa. Kutoka c6 farasi anampiga askari wa e5. Na hatua inayofuata malkia mweusi akaenda c7 kumpiga askari huyo huyo mara ya pili. Kuna askari wa nyeupe a5 alikuwa analika bure kwa malkia. Tal hakumgusa, na hadi mchezo unakwisha askari yule alikuwa bado amesimama a5. Wachezaji wangu vijana, mngapi mngemwacha? Malkia akienda a5 anakaa mbali na mfalme wake, na farasi mweupe anaruka g5 kuikaba f7. Malkia akiwa c7, anapiga e5 na wakati huohuo anaacha d8 wazi ili mfalme ahamie upande wa malkia. Hatua moja, kazi mbili.

Ndiyo maana nasema ufunguzi haukaririwi kama orodha ya hatua. Ukikariri orodha, farasi d7 na farasi c6 zitaonekana ndugu. Uliza kila mara: mfalme wangu atalala wapi, na ni askari gani wa mpinzani ninayempiga wakati najipanga? Botvinnik, bingwa mkubwa, alikosa majibu hayo mawili katika mchezo ule mmoja.

Na Fischer je? Kumbukeni kwamba silaha aliyoichagua ilikuwa silaha ya Tal mwenyewe. Machi 1960, katika mchezo wa kwanza kabisa wa mechi ya ubingwa, Tal akiwa na nyeupe dhidi ya Botvinnik alicheza tawi hili hili la Winawer, akampeleka malkia g4, akala g7, akala h7, akamsogeza mfalme wake mwenyewe d1 bila hofu, akashinda. Miezi michache baadaye kijana wa miaka 17 anamwekea bingwa mezani chakula alichopika bingwa mwenyewe. Tena huyu ni kijana ambaye mwaka mmoja nyuma, 1959, kwenye mashindano ya wagombea, yale ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, kule Yugoslavia, alikuwa amecheza na Tal mara nne na kufungwa mara zote nne. Nne kwa sifuri! Angeweza kuchagua ufunguzi wa kulala. Angeweza kutafuta nusu pointi ya usalama. Hakufanya hivyo.

Twende ubaoni sasa, polepole.

Hatua ya 11, farasi mweupe f3 kulinda e5. Hatua ya 12, askofu mweupe b5: anamfunga farasi wa c6, kwa hiyo farasi hawezi kula e5. Tal anaweka askofu d7 kumfungua. Hatua ya 13 wote wawili wanafanya kaslingi, ule mwendo wa mfalme kusogea nyumba mbili na ngome kumruka. Nyeupe upande wa mfalme, nyeusi upande wa malkia. Hatua ya 14, askofu mweupe g5, anamkaba farasi wa e7.

Kuanzia hapa zinakuja hatua tisa mfululizo na kila moja ni ya kula. Tisa! Nawaomba msizihesabu kwa macho tu, zisogezeni.

Tal anakula e5 kwa farasi. Farasi mweupe anakula farasi. Lakini angalieni: farasi mweusi alipotoka c6, mshazari kati ya d7 na b5 ulifunguka, na askofu mweusi sasa anakula askofu wa b5. Hesabuni kete za nyeupe zinazolika kwa wakati mmoja: farasi wa e5 anapigwa na malkia wa c7. Askofu wa g5 anapigwa na ngome ya g8. Ngome ya f1 inapigwa na askofu wa b5. Tatu! Ungefanya nini?

Fischer anakula f7 kwa farasi. Ni askari tu, lakini tazameni kazi ya hatua hiyo. Farasi ametoka kwenye mdomo wa malkia. Amesimama f7, ambako malkia wake wa h7 anamlinda. Kutoka f7 anamlinda askofu wa g5. Na kutoka hapo hapo anaipiga ngome ya d8. Kati ya kete tatu zilizolika, mbili zimepona kwa hatua moja, na ya tatu, ngome ya f1, inalipiwa na ngome ya d8.

Tal anakula ngome f1. Fischer anakula ngome d8. Lakini farasi alipoondoka f7, askofu wa g5 akabaki bila mlinzi, na ngome ya Tal inamla. Farasi tena anakula e6, na kutoka e6 anawapiga malkia wa c7 na ngome ya g5 kwa pamoja. Farasi huyo amekula e5, f7, d8 na e6: kete nne kwa hatua nne. Kwa wachezaji wengi mchezo ungeishia hapo, maana nyeusi anapoteza malkia au ngome.

Tal anakula g2 kwa ngome, cheki! Yaani mfalme anapigwa na lazima aokolewe kwanza. Ngome imejiokoa, imekula askari, na inalindwa na askofu aliyeko f1, yule yule aliyekula ngome. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukimwona askofu wa f1 ameketi karibu na mfalme, mkono unawasha kumla kwa mfalme. Ukimla, ngome inatua h2, inampiga malkia wa h7 kwenye mstari wa h ulio wazi, na yenyewe inalindwa na malkia wa c7 kupitia mshazari. Fischer hakula. Mfalme h1.

Na sasa jibu la Tal, hatua ambayo binafsi naiona nzuri kuliko zote: malkia e5. Haina cheki, haili kitu. Malkia ametoka kwenye hatari, anampiga farasi wa e6, na anatazama h2. Farasi mweusi wa e7 analika na malkia wa h7. Mle basi! Ukimla, malkia mweusi anakula h2 na ni chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia, kwa sababu ngome ya g2 inamlinda na malkia mweupe ameacha mstari wa h. Malkia mwenye nguvu zote amefungwa kamba pale h7 kwa ajili ya askari mmoja wa h2.

Fischer anakula askofu f1 kwa ngome. Tal anakula farasi e6. Mfalme anakula ngome g2. Na malkia mweusi g4, cheki. Sare.

Mtaniuliza: kwa nini sare? Nyeupe ana malkia, ngome na askari watano. Nyeusi ana malkia, farasi na askari wanne. Nyeupe yuko mbele! Ndiyo, yuko mbele, lakini hapati zamu ya kufanya lolote. Malkia akiwa g4, mfalme wa g2 ana nyumba moja tu: h1. Malkia f3, cheki. Mfalme ana nyumba moja tu: g1. Malkia g4, cheki, mfalme h1. Malkia f3. Mfalme g1. Hakuna kete ya nyeupe inayoweza kukinga. Ngome ya f1 imezibwa na askari wake mwenyewe wa f2. Malkia yuko h7, hafiki g2 wala g3. Na nyeusi naye hawezi kuacha kutoa cheki hata mara moja, kwani zamu moja tu ikimrudia nyeupe, farasi wa e7 analiwa na mchezo umekwisha.

Makocha, fundisheni cheki zisizokoma kwa mambo matatu yanayoonekana kwenye mchezo huu. La kwanza, mfalme wa mpinzani amepoteza askari wa g. La pili, kete zake hazifiki kukinga. La tatu, na hili ndilo linalosahaulika, malkia wako ana nyumba mbili za kupokezana na kila moja inampa mfalme njia moja tu ya kutoka. Jambo la tatu likikosekana, mfalme atatembea hadi katikati ya ubao, cheki zitakwisha, na utakuwa umepoteza.

Niseme kidogo juu ya kudai sare, kwa sababu nusu pointi nyingi hupotea mezani na si ubaoni. Nafasi ikijirudia mara ya tatu, mchezaji yule yule akiwa na zamu na uwezekano wa hatua ukiwa uleule, una haki ya kudai. Ikiwa hatua yako ndiyo italeta marudio ya tatu, usiicheze! Iandike kwenye karatasi, simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie unakusudia kuicheza hatua hiyo. Vijana wengi huicheza kwanza, wakabonyeza saa, ndipo wakainua mkono. Hapo zamu si yao tena, na madai hayasimami. Dai likiwa la makosa, mpinzani anaongezewa dakika mbili. Na ukitaka kupendekeza sare, utaratibu ni huu: cheza hatua yako, tamka pendekezo, ndipo ubonyeze saa, na wote wawili mwandike alama ya usawa ndani ya mabano kwenye karatasi. Hakuna kupendekeza mara kwa mara wakati mwenzako anafikiri. Huo ni usumbufu, na mwamuzi anaweza kukuadhibu.

Sasa lazima niseme juu ya sare ya aina nyingine, maana si kila nusu pointi inastahili heshima ninayoitoa leo.

Mwaka 1962, kisiwani Curaçao, yalifanyika mashindano ya wagombea. Tigran Petrosian, Paul Keres na Efim Geller, wote wa Umoja wa Kisovyeti, walikutana wao kwa wao mara 12. Michezo yote 12 ilitoka sare, mingi kwa hatua chache. Walipumzika wakati wengine wanachoka. Fischer, aliyekuwepo, alichapisha malalamiko makali katika gazeti moja la michezo la Marekani, na baadaye shirikisho la kimataifa FIDE likabadili mfumo: wagombea wakaanza kucheza mechi za mtoano badala ya mashindano ya wote kwa wote. Leo mashindano mengi makubwa yanakataza kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30.

Linganisheni. Leipzig hatua 21, na Curaçao kulikuwa na michezo ya urefu huohuo. Pointi ni ileile, nusu kwa nusu. Lakini karatasi ya Leipzig ukiisoma, kila hatua baada ya ile ya tano ina swali na jibu. Mimi nawaomba waamuzi wetu na makocha wetu: msizipime sare kwa urefu. Isomeni karatasi. Kuna sare ya hatua 60 ambayo watu wawili walikuwa wakizunguka-zunguka tu, na kuna sare ya hatua 21 iliyomaliza ubao mzima.

Na kwa timu haikuwa nusu pointi ndogo. Meza ya kwanza ya Marekani ilimzuia bingwa wa dunia. Umoja wa Kisovyeti ulitwaa dhahabu, Marekani fedha, na Tal alipoteza mchezo mmoja tu katika Olimpiadi nzima, dhidi ya Jonathan Penrose wa Uingereza.

Mbao zimepangwa kule nyuma, na kila ubao una nafasi ya mchezo huu kabla ya hatua ya 13: nyeupe anacheza, askofu wake yuko b5, askofu mweusi yuko d7, mfalme mweupe bado yuko e1. Fischer alifanya kaslingi. Kaeni wawili wawili, na kabla ya kugusa kete yoyote, kila mmoja aandike hatua mbili nyingine ambazo nyeupe angeweza kucheza, na jibu la nyeusi kwa kila moja. Anzeni na askofu kula farasi wa c6: askofu mweusi akirudisha, nani sasa anamlinda e5, na farasi mweupe akiruka g5 nini kinatokea kwa f7? Saa ziwekwe dakika 15. Makocha watapita kusoma karatasi zenu.